Balibeba mutoto wangu pa nafasi ya baba yake

Jambo papa,

Unisamehe kama naandika murefu, sijue naanzia wapi. Mi ni mama wa batoto bane, naikala Katuba, hapa Lubumbashi, nauzisha bunga ku soko ya Njanja tangu 2009. Hii barua naiandika ku telefone ya jirani, leo jumanne mangaribi, mutoto wangu wa kwanza eko mu kashu ya polisi tangu jumamosi.

Ilikuwa hivi. Bwana yangu alienda Kolwezi, sasa inapita miaka tatu na kidogo, alisema anaenda kutafuta maisha mu mambo ya mawe kule kwenye bakreseri, bale benye banachimba na mikono. Mwanzo alikuwa anatuma franga kila mwezi, kisha kila miezi mbili, kisha hakuna kintu. Tangu Noeli ya mwaka juzi hajapiga hata simu, bantu benye banatoka kule banasema eko na bibi mwingine na mutoto mudogo. Mi nilinyamaza tu, nikaendelea na bunga yangu, batoto banakula, banasoma, hakuna siku hata moja nilienda kulomba kwa muntu.

Sasa jumamosi asubui, jua haijatoka bado, bapolisi batatu banapiga mulango. Banatafuta bwana yangu. Nabaambia hayuko, hata mi namutafuta. Banasema kuko muntu alimupa dola 1 800 amuletee mawe, yee akakimbia nazo, na ule muntu amemushitaki. Bakaangalia chini ya kitanda, mu jikoni, mu choo, hakuna muntu. Njo bakaona mutoto wangu, eko na miaka 19, anajifunza kusude (kuunga vyuma) kwa fundi moja hapa karibu, alikuwa anafunga viatu aende ku kazi. Mukubwa wao akamuangalia, akasema huyu anafanana na baba yake, tunaenda na yee, baba akisikia mutoto eko ndani atatokea. Hivo tu. Bakamubeba kiatu kimoja kimefungwa, kingine bado.

Nikabafata paka ku komisaria. Banasema nilete dola 200 mutoto ataenda. Sina. Nilikuwa na 35 ya kununua bunga, nilizitosha zote, bakakamata, bakasema leta zingine. Kila siku nikipeleka bukari banaomba franga 5 000 ya mulango, kisha banachokora bukari na kijiti juu ya kuangalia kama kuko kintu ndani. Jumapili mwenye kuandika akaniletea pepa ya Kifaransa, mistari kama makumi mbili, akasema mama weka kidole hapa, ni ya kuonyesha tu kama ulifika. Nikaweka. Nilipotosha kidole, wino ya buluu bado inanitoka, njo nikaona katikati kumeandikwa 1 800. Kifaransa sijue, lakini namba najua.

Mambo ya pili ni bashemeji. Balikuja jana, nilifikiri banakuja juu ya mutoto. Hapana. Banasema mi haina bibi wa kaka yao juu hatukuandikisha ndoa ku komini. Mali ililipwa kwetu 2004, mbuzi, nguo ya mama, dola 300, batu balikula na kunywa, lakini ku komini hatukuenda, kila mwaka alisema tutaenda. Sasa beye banataka kuuzisha parcelle juu ya kulipa ile deni, mi nirudi kwetu, na batoto babili badogo babapeleke Likasi kwa koko yao. Ile parcelle tulinunua 2011, franga ya bunga yangu iko ndani, lakini mu pepa ni jina yake peke.

Jirani ananiambia nifanye divorsi mbio juu deni isinifate. Mwingine ananiambia nimushitaki bwana juu ya uzinzi, bamukamate, mutoto atoke. Papa, nianzie wapi? Huyu mutoto hajalalaka inje ya nyumba hata siku moja.

Mama wa Katuba

*

Mama,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Tuanze na mutoto. Bashemeji, parcelle, divorsi, uzinzi, hiyo yote nitaijibu lakini inaweza kungoja wiki mbili, mutoto mu kashu hawezi kungoja hata asubui moja zaidi.

Kintu cha kwanza nataka kikae mu kichwa yako kabla hujaenda kuongea na muntu yeyote: kile walichofanya jumamosi hakiruhusiwi, na haisemi mimi, inasema Katiba ya inchi yetu, Kongo (RDC), ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya 17. Imeandikwa pale kama kosa ni ya muntu mwenyewe aliyelifanya, hakuna mwenye anaweza kufuatwa, kukamatwa, kufungwa ao kuhukumiwa juu ya kitendo cha mwingine. Hakuna "isipokuwa ni mutoto wake". Hakuna "isipokuwa wanafanana". Bibi hakamatwi juu ya bwana, mama hakamatwi juu ya mutoto, muloko hakamatwi juu ya yaya. Ile maneno ya mukubwa wa bapolisi, "baba akisikia atatokea", hiyo njo ushahidi yako ya kwanza, juu alisema mwenyewe kama hawamutuhumu mutoto na kintu, wanamushika sawa rehani. Ile maneno uyaandike leo usiku vile vile alivyoyasema, usiyapambe, na uandike ni nani mwingine aliyasikia. Jirani? Mutoto wa pili? Andika.

Kisha saa. Mi nilifanya kazi ya grefye, mwandishi wa tribinali, miaka mingi, dosie zilikuwa zinafika mezani yangu, na kintu nilikuwa natafuta mbele ya yote ni saa. Katiba, artikle ya 18, inasema opeji, yaani ule afisa wa polisi mwenye haki ya kuchunguza, hawezi kumuchunga muntu zaidi ya saa 48. Zikiisha, anamuachilia ao anamupeleka mbele ya majistra wa parke, yaani ofisi ya prokirere mwenye kushitaki kwa jina ya serikali. Mutoto wako aliingia jumamosi asubui, basi saa zake ziliisha jumatatu asubui. Leo ni jumanne mangaribi. Watakuambia jumamosi na jumapili hazihesabiwi juu parke ilikuwa imefungwa, usikubali, Katiba haikutenga siku. Sheria ya 1978 ya baopeji iliachaka nafasi kidogo kwa wenye wako mbali sana na parke, kule barabara hakuna, lakini kutoka Katuba kufika parke ni taxi moja tu mama, hakuna mutu wa kuzungumuzia umbali hapo.

Nilionaka registre za kashu zenye kolone ya saa ni nyeupe kabisa, jina limeandikwa, kosa limeandikwa, saa hakuna. Haikuwa kusahau. Saa ikikosekana, muntu anaweza kukaa siku sita na pepa ikasema aliingia jana. Ni juu ya hiyo nakuomba utafute kaye, hata ile ya shule ya mutoto yenye imebakia kurasa mbili, uandike: walifika saa ngapi, wangapi, walivaa nini, mulifika komisaria saa ngapi, dola 35 ulimupa nani na wakati gani, kila franga 5 000 ya mulango siku gani. Hiyo kaye itakuwa na nguvu kuliko machozi, na machozi ninajua unayo.

Sasa kesho asubui. Usikawie komisaria, pitia pale tu kupeleka chakula, kisha wende parke ile ya karibu na tribinali ya grande instansi hapa Lubumbashi. Prokirere ndiye mukubwa wa baopeji mu mambo ya uchunguzi, wanafanya kazi chini yake hata kama wanavaa nguo ya polisi, na ana haki ya kuuliza juu ya nini huyu muntu eko ndani. Beba barua mbili zinazofanana. Muntu akusaidie kuiandika mu Kifaransa kama anaweza, kama hakuna, iandike mu Kiswahili, Kiswahili ni lugha ya taifa mu artikle ya kwanza ya Katiba, hakuna aibu. Isiwe ndefu. Iseme hivi:

"Kwa Prokirere wa Repubilika. Mimi, mama wa fulani, miaka 19, ninakujulisha kama mutoto wangu alikamatwa nyumbani jumamosi tarehe fulani, asubui saa fulani, na bapolisi wa komisaria fulani, juu walimukosa baba yake. Hajaambiwa kosa yake. Saa 48 zimepita. Naomba uamuru aletwe mbele yako ao aachiliwe."

Basi. Usiweke mambo ya bwana na bibi mwingine mu hiyo barua, majistra akisoma habari tano anasahau ya kwanza. Moja unaiacha ku sekretaria, ya pili unaomba wapige muhuri na tarehe, na hiyo yenye muhuri hautoki bila yayo, hata wakikuambia rudi kesho.

Avoka. Najua unafikiria franga. Ku baro ya Haut-Katanga kunapaswa kuwa na biro ya mashauri ya bure kwa wenye hawana uwezo, sheria ya baavoka ya 1979 njo iliiweka. Watakuomba atestasio ya umasikini, inatolewa ku komini, ukipita Katuba asubui uiombe siku moja hiyo hiyo. Kuko pia badefansere jidisiere, hawana robo sawa ya avoka mu kila tribinali lakini mbele ya tribinali ya pe (ile ya amani) na ya grande instansi wanaweza kusimama. Jiangalie tu na bale bantu pa mulango ya parke wenye banakufata na dosie chini ya kwapa banasema "mama mi nitakutoshea mutoto leo leo". Muulize karti yake. Mwenye kazi ya kweli haikasiriki akiulizwa karti.

Kuhusu dola 200. Hiyo si kosio, yaani dhamana, mama. Kosio ya kweli, majistra ao juji njo anaiweka, inaandikwa, inalipwa ku grefe na unapewa risi, na muntu akifika kila mara anapoitwa, mwisho wa kesi inarudishwa. Franga yenye inapita mu mukono bila risi haina jina mu sheria, ni ya kumununua mutoto wako. Sikulaumu juu ya zile 35, mama gani angesikia mutoto analia nyuma ya mulango wa chuma akafikiria risi. Lakini zingine usitoe, si juu ya kiburi, ni juu wakiona zinakuja watangoja zikuje tena, na ile siku zitaisha njo watamupeleka parke na dosie yenye wameitengeneza.

Na hiyo dosie yenye kutengenezwa inaniogopesha, acha niiseme wazi. Wakisikia unaenda parke, wanaweza kumupeleka mutoto wao wenyewe kesho mchana na kumuandikia "alisaidia baba yake". Hapo mutoto anapaswa kujua mambo matatu ao mane, na umuambie kesho ukipeleka bukari, hata kwa sauti ndogo. Aseme kile anakijua na macho yake, basi. Kama hajui baba yeko wapi aseme hajui, asikisie mutaa, asitaje rafiki wa baba juu ya kufurahisha muntu. Ana haki ya kuwa na avoka tangu ku polisi, si kungoja tribinali, ni artikle ya 19. Ana haki kuambiwa kosa yake mu lugha anasikia. Na prosevebali, ile karatasi wanaandika majibu yake, asomewe yote mu Kiswahili kabla ya kutia sinyatire, na kama haiko vile alisema aombe ibadilishwe, ikikataliwa asitie.

Majistra naye hawezi kumuweka ndani hivi hivi. Kumufunga muntu mbele ya kesi inaomba kuwe na alama nzito kama yeye njo alifanya kosa, na kosa yenyewe iwe ya adabu ya miezi sita kupanda. Manda (amri ya kufunga) ya majistra ya kwanza inadumu siku 5, kisha lazima juji aangalie, juji akikubali ni siku 15, kisha mwezi kwa mwezi. Nakuambia hii si juu ya kukutisha na gereza ya Kasapa, nakuambia juu kila moja ya hizo hatua ni mulango wenye avoka anaweza kuomba mutoto atoke, na kila tarehe utaiandika mu kaye. Kama mutoto angekuwa chini ya miaka 18 ingekuwa njia ingine kabisa, tribinali ya batoto na sheria ya 2009, lakini 19 ni mukubwa mbele ya sheria, basi beba elekta yake, ile karti ya kuchagua, ama atestasio ya kuzaliwa ili wasiandike umri wa kubuni.

Ule muntu mwenye alipoteza 1 800, simudharau. Ni franga nyingi, labda na yeye aliikopa. Lakini njia yake ni kumufata bwana yako, Kolwezi haiko mwezini, kuko parke kule pia. Kama bwana alipokea ile franga ya kununua mawe akaila, inaweza kuitwa abi de konfiansi (kula mali uliyoaminiwa), na kama alimudanganya tangu mwanzo ni eskrokri (utapeli), zote mbili mu kode penali zina adabu ya miezi 3 paka miaka 5. Kama ni biashara tu ilikufa, basi ni deni, na deni haifungi muntu: Katiba mu artikle ya 61 inaweka kufunga muntu juu ya deni mu mambo yenye hayaruhusiwi hata siku ya hatari ya inchi. Kati ya hizo njia mbili majistra atachagua akiwa na bwana mbele yake. Hakuna hata njia moja yenye kupita kwa mutoto wa miaka 19 mwenye kujifunza kusude.

Ile pepa ya kidole sasa. Umeona 1 800, nafikiri sawa wewe, ni karatasi ya kuahidi kama utalipa. Usikate tamaa. Sheria yetu ya mapatano ni ya zamani sana, ya tarehe 30 Julai 1888, na bado inatumika, inasema kukubali kwenye kulitoka kwa kosa, kwa nguvu ao kwa udanganyifu si kukubali. Mama mwenye mutoto eko kashu, anapewa Kifaransa asichokijua, anaambiwa ni ya kuonyesha alifika: hapo kuna nguvu na kuna udanganyifu pamoja. Lakini lazima useme mapema. Ukinyamaza miezi sita kisha ukasema, juji atakuuliza ulikuwa wapi. Hiyo njo barua ingine, mbali na ile ya prokirere, avoka aiandike, si wewe, na iombe kopi ya ile pepa.

Sasa bashemeji. Nitasema kwa heshima juu ni familia ya batoto wako na utabaki nao maisha yote.

Wamechanganya bintu viwili. Ndoa yenye kufanywa mu familia, mali imelipwa, wazee wamekaa, ni ndoa. Kode ya familia, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 yenye ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016, inaijua. Ilitaka mufike ku etasivili, biro ya kuandikisha ndoa ku komini, mu mwezi unaofuata muiandikishe, hamukufika, na ile kosa iliwapunguzia kintu: bantu wa inje wanaweza kusema hatukujua kama huyu ni bibi yake. Hapo bashemeji wana kamba kidogo ya kushika. Lakini kati yako na bwana, na mbele ya juji, ndoa inaweza kuonyeshwa kwa njia zote, basi tafuta leo picha za siku ya mali, majina ya wenye walipokea mbuzi kwenu na wenye wako hai, karatasi ya kanisa kama iko, na atestasio za kuzaliwa za batoto bane zenye zinasema baba ni nani. Bashemeji wenyewe ni bashahidi, walikula siku ile.

Na parcelle, wanauzisha kwa haki gani? Bwana yako hajakufa. Muntu hai, mali yake haiko ya bakaka yake. Hata angekufa, Mungu atukinge, batoto wanatangulia, sheria inawapa sehemu tatu juu ya nne, na ile ya nne njo wanagawana bibi na upande wa baba na mama yake na bakaka yake, na bibi anabaki mu nyumba kutumia. Kisha mulinunua mu ndoa: kama hamukuchagua mutindo mwingine wa mali, kile mulipata pamoja ni cha wote wawili hata kama jina ni moja ku pepa, na tangu 2016 bwana na bibi wanapaswa kusikilizana mu mapatano makubwa, ile ruhusa ya bwana yenye bamama walikuwa wanaombaka zamani iliondolewa. Wende mu biro ya kartie na ku komini uwajulishe kwa barua kama parcelle iko na mugogoro, mununuzi akija kuuliza aambiwe. Na ile fishi ya parcelle na akti ya kununua, usiziache mu nyumba wiki hii, zipeleke kwa muntu unamuamini.

Batoto badogo hawaendi Likasi juu mali ililipwa. Mali haikununua batoto. Kukiwa mugogoro, juji njo anaamua wakae na nani, na anaangalia faida ya mutoto, nani anawalisha, nani anawasomesha, na hapo kaye ya bunga yako na karatasi za shule zinaongea. Koko akitaka kuwaona, waende likizo, ni vizuri, koko ni koko. Lakini usitie kidole tena ku karatasi yoyote ya bashemeji yenye inasema unawaachia.

Divorsi haikimbizi deni, mama, jirani anakupenda lakini hapo amekosea. Na haifanywi mbio. Kikao cha familia hakivunji ndoa, hata kurudisha mbuzi hakuvunji, ni tribinali ya pe tu, na juji anaanza kuwaita mupatane kwanza. Yenye iko upande wako ni hii: bwana akijitenga peke yake miaka mitatu, sheria inaona kama ndoa imeharibika bila kurekebishika, na wewe unasema inapita mitatu na kidogo. Basi ukitaka, njia iko, na hapo hapo utaomba matunzo ya batoto juu baba anabaki baba hata kama yeko na nyumba ingine. Lakini uamue ukiwa umelala usingizi, mutoto yeko nyumbani. Ni miaka zaidi ya 20, hiyo haiamuliwi ku soko.

Uzinzi ni kweli ni kosa, na tangu 2016 bwana na bibi wanahesabiwa sawa, zamani bwana alikuwa anapona kirahisi kuliko bibi. Ni wewe tu unaweza kumushitaki, si familia. Nakuomba usiitumie sasa. Haitamutosha mutoto kashu hata saa moja mbele, itawapa bapolisi sababu ya pili ya kuongea juu ya baba wakati wewe unataka waongee juu ya saa 48. Na batoto bane watasikia maneno mu tribinali yenye hawatasahau.

Basi kesho: kaye, barua mbili, elekta ya mutoto, atestasio ya umasikini ukipita komini. Usiende peke yako, chukua muntu mmoja mwenye hasemi mingi, asimame tu karibu na wewe aone na asikie. Peleka na viatu vyake kama waliviondoa, na suweta, usiku ku sima kunakuwa baridi. Wakikuuliza kama unajua sheria usiwajibu kwa ukali, waambie tu "artikle ya 17, na saa ziliisha jumatatu asubui", rudia hivo hivo kwa kila mutu atakayekuuliza, kwa sekretere, kwa majistra, kwa opeji.

Ukitoka parke niandikie walikujibu nini, nani alikujibu, na ilikuwa saa ngapi.